Siku Mama Mikate Alipokanda Unga

Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Aliiandika kwa mkono wake akaibandika mlangoni: aliyekanda unga nyumbani leo haingii chumba cha mbegu. Wenzake katika karakana ya mafuta walicheka. Mwanamke aliyelea watoto wanne kwa mikate ya kuuza, leo anaogopa unga! Lakini Mama Mikate aliijua hamira kuliko wote. Hujificha chini ya kucha na katika mikunjo ya nguo, na ikiona sukari haina haya.

Na sukari ilikuwapo tele. Kila asubuhi kiwanda cha juisi cha jirani kiliwaletea makapi ya matunda, yale yale yaliyokuwa yakitupwa mtaroni na kunuka hadi vyumbani mwa watu. Waliyachemsha, wakayachuja, wakayamimina katika tangi, ndipo Mama Mikate akatia mbegu ya kuvu kutoka katika chupa. Kuvu ilikula sukari ikanenepa. Ikishavunwa na kukaushwa, walitoa ndani yake mafuta mazito ya manjano.

Mtengeneza sabuni mmoja aliomba ndoo moja ya mafuta hayo ya kujaribia. Akiridhika, angeagiza kila mwezi, na vibarua wote saba wa karakana wangepewa kazi ya kudumu.

Asubuhi ya kuandaa tangi la ndoo hiyo, mjukuu wa Mama Mikate aliamka mzima baada ya homa ya wiki nzima, na cha kwanza alichoomba ni mkate wa bibi. Bibi akakanda. Kisha akanawa mara tatu, akabadili gauni, akaenda kazini akatia mbegu. Alijiambia kwamba sheria ile ni ya wazembe. Hapo ndipo watu wema huteleza: hudhani wema wao ni ruhusa.

Siku ya nne alifungua kifuniko akanusa. Tangi lilinuka unga ulioumuka, na pombe kwa mbali. Hamira ilikuwa imekula sukari yote, na mafuta yasingepatikana hata ya kupaka bawaba.

Fundi wa mitambo, ambaye mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo, akaja kunusa naye.

"Mama, hii si ya sabuni. Nilete glasi?"

"Usinichekeshe."

"Basi tuseme makapi yalikuja yamechacha. Nani atabisha? Msimamizi ana mafua tangu mwaka jana."

"Makapi yalichemshwa mbele ya macho yangu. Hamira imetoka mikononi mwangu."

"Ukisema hivyo, ufunguo wa chumba cha mbegu unanyang'anywa."

"Nisiposema, watabadilisha makapi, na tangi lijalo nitaliharibu vilevile. Kisha tutarudi sote nyumbani. Hilo utalicheka?"

Fundi akakirudisha kifuniko juu ya tangi. Alikuwa mmoja wa wale saba.

Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. "Ile sheria ya mlangoni aliandika nani?"

"Mimi."

"Haya, lete ufunguo."

Wakalimwaga tangi lote. Mama Mikate akahamishiwa kwenye masufuria ya kuchemshia makapi, kazi ya moshi na jasho, na chupa ya mbegu akakabidhiwa mwingine. Msimamizi akampigia simu mtengeneza sabuni akamweleza ukweli ulivyo. Yule bwana alinung'unika, akasema atangoja wiki mbili, si zaidi.

Tangi la pili lilitoka safi. Ndoo ikapelekwa, sabuni ikatoa povu zuri, na mwezi uliofuata zikaagizwa ndoo sita. Vibarua wote saba wakasaini mikataba. Baada ya miezi mitatu ufunguo ulirudi kwa Mama Mikate, na sharti la kuushika tena alijiwekea mwenyewe.

"Bibi, mkate wa dukani ni hewa tupu," mjukuu hulalamika.

"Tafuna hiyo hewa, mume wangu. Bibi yuko kazini."

Kosa lile liliwagharimu tangi moja na siku kumi na mbili za watu saba kuosha na kuanza upya. Yeye lilimgharimu mkate wake. Hajakanda tena.