Aliyepika Aonje Kwanza

Esteri ana ulimi ambao ningeweza ningeuazima. Mpe funda moja la rwagwa, pombe yetu ya ndizi, atakwambia kama ndizi zilikaa shimoni zikaiva vizuri au mwenyewe alikuwa na haraka ya kwenda sokoni. Ndiyo maana wapika pombe wa Mabamba na Rungwe Mpya huleta madumu yao uani kwake, hapa Kibondo, siku ya kuonja, na wenye vilabu huja kuchagua. Mimi Dorcas, jirani yake, napika vitoweo. Yeye ndiye anayesema pombe ya asali iende na mbuzi, ya mtama iende na maharage, rwagwa iende na dagaa wa kukaanga. Nikikosea sahani hunifokea mbele za watu, na mimi humjibu, maana sikuzaliwa kufokewa.

Sheria yetu ni ya tangu zamani: aliyepika aonje kwanza. Asipoonja, nani atajua ametia nini humo?

Jambo ambalo Esteri hataniwi ni kaka yake, Nkunzimana. Alikuwa akipika rwagwa kambini Mtendeli na kuwauzia wakimbizi. Kambi ilipofungwa, hakurudi nyumbani. Wengine walisema alipanda mabasi pamoja na Warundi waliokuwa wakirejea kwao, wengine wakasema ameoa hukohuko Burundi. Mama yao, Mama Apoline, akalishika hilo la kuoa. Kila Jumapili humtengea sahani, na mrija wake wa kunywea umechomekwa ukutani, ole wako uuguse. Esteri naye alikuwa akimsubiri, ila kwa hasira.

Mwezi huu alikuja mwanamke tusiyemjua, Niyonkuru, na dumu lake la rwagwa. Nikammiminia kikombe. Akakisukuma pembeni.

"Onja basi, dada," Esteri akamwambia.

"Mimi hii siinywi."

Mwenye kilabu mmoja alichota dagaa wangu kiganjani, akaenda kusimama karibu na lango, tayari kwa lolote. Ingekuwa ni mimi, lile dumu ningelimwaga palepale. Lakini Esteri alikuwa ameshakinusa kikombe, na uso wake ukabadilika. Alikunywa kabla sijamdaka mkono.

Akaanza kulia huku anacheka. "Dorcas, ni Nkunzimana! Yuko hai! Onja!"

Nikaonja. Ilikuwa kweli kabisa. Ulikuwa ule mtama wake wa kuchachushia rwagwa, uliochomwa hadi ukakaribia kuungua, na moshi unaobaki nyuma ya ulimi. Alipokuwa akimfundisha Esteri, alikuwa akimkazania: "Bado. Choma mpaka useme umeuharibu."

"Yuko wapi aliyekufundisha?" Esteri akauliza.

Niyonkuru akatazama chini. "Sijafundishwa na mtu. Mimi nalima kando ya ile kambi ya zamani. Kuna migomba imeota peke yake, ndizi zake nene. Siku ya kwanza nachoma mtama, nikasikia mwanamume nyuma yangu: 'Bado. Choma mpaka useme umeuharibu.' Nikageuka, hakuna mtu. Kila nikipika, ananiambia hivyo. Juzi ameniambia niipeleke pombe Kibondo, kwa yule anayeonja."

"Sasa mbona huinywi?"

"Mawe, mama yangu! Nimeipalilia ile migomba, dada. Chini yake ni kaburi. Msalaba wa miti umeoza, jina halisomeki."

Mimi nilikuwa nimekwisha kumeza. Jua lilikuwa linawaka, watu wamejaa uani, na moshi wa Nkunzimana umekaa kooni mwangu hautoki. Niliogopa, sitaki kusema uongo. Esteri alisimama na kikombe chake, hakukitupa.

Tulilibeba dumu hadi kwa mama yake. Njiani akasema, "Nitamwambia imetoka kwa Nkunzimana. Basi. Si uongo." Nikamwambia afanye anavyoona.

Esteri akamwambia hivyo hivyo, na Mama Apoline akanusa, akatabasamu. Tabasamu lile lilinichoma kuliko kilio. Akampa Esteri kikombe amjazie, akakishika kwa mikono miwili.

"Aliyepika ameonja?" akauliza.

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Esteri akaliweka dumu chini.

"Hapana, mama. Hajaonja."

Mama Apoline akainuka na kikombe chake. Huyu ni mama wa kanisa, mtu wa rozari, anayewagombeza wanaowamwagia wafu pombe. Alikwenda mlangoni, akakiinamisha kikombe taratibu. Ardhi ilikuwa imelowa mvua ya asubuhi na haikuhitaji kitu, lakini iliinywa ile pombe upesi, halikubaki hata povu.

"Sasa ameonja," akasema. Akauchomoa mrija wa mwanawe ukutani, akautia ndani ya dumu, akaanza kunywa.