Koki za Matone Matatu

Niliondoka Ikungi asubuhi ya Ijumaa, kabla mama mwenye gesti hajafungua mlango wake. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na begi la turubai, blanketi, na kamusi ndogo iliyopoteza jalada. Nilipofika barabarani nilisimama nikangoja gari la kwanza, kokote litakakoelekea. Likaja lori lenye magunia matupu, linakwenda Singida na kuendelea.

"Unakwenda wapi?" utingo aliniuliza kutoka juu.

"Mbele."

"Mbele ni kubwa, kaka. Panda, shika kamba."

Nilikaa juu ya magunia nikiiangalia Ikungi ikirudi nyuma. Nilikuwa nimekaa pale miezi minne, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa ni kuhamia. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimelala katika miji mingi kuliko ninayoweza kuikumbuka. Kitu kimoja nilichotoka nacho shuleni ni tabia ya kusoma kila kilichoandikwa. Nilikuwa nasoma maboksi ya majani ya chai, makopo ya rangi, karatasi za sabuni. Miaka ile kazi hiyo iliongezeka ghafla. Zamani dukani kulikuwa na sabuni ya aina moja, ikiwepo unanunua, isipokuwepo unarudi nyumbani. Biashara ilipofunguliwa, rafu zilijaa vitu kutoka nchi ambazo hatukuzijua, na kila kitu kilikuja na maandishi ya kujieleza. Watu walipita bila kusoma. Mimi nilisimama.

Ndivyo nilivyoziona zile koki. Zilikuwa katika duka la vifaa vya ujenzi, zinang'aa, na kila moja ilikuwa na lebo ya buluu yenye picha ya matone matatu ya maji. Chini ya matone kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Nilikaa kwenye ngazi za duka na kamusi yangu mpaka nikayaelewa: koki hii imepimwa na watu wa viwango wa nchi ilikotengenezwa, imethibitishwa kuwa inabana maji, inatoa lita sita kwa dakika na si zaidi.

Nikampelekea habari mama mwenye gesti. Alikuwa mjane wa Kinyaturu, mwanamke wa maneno machache, na mimi nililala bure katika chumba chake cha mwisho kwa kumfagilia uwanja na kumsomea karatasi. Wageni wake walikuwa wafanyabiashara wa alizeti na kuku, na madereva wa barabara ya Dodoma. Tabu yake ilikuwa moja, maji. Boza la maji lilimletea kila Jumamosi, likajaza tangi la bati, na tangi lilitakiwa kufika Jumamosi nyingine. Mara nyingi lilifika kwa shida.

"Imeandikwa hivyo kweli?" aliniuliza.

"Imeandikwa, mama. Na kuna muhuri."

"Muhuri hata wezi wanao. Nenda kapime."

Nilifurahi kuambiwa hivyo. Niliazima koki moja dukani, fundi akaifunga uani, nikachukua ndoo ya lita ishirini na saa yake ya mkononi. Koki ya zamani ilijaza ndoo kwa dakika moja na kidogo. Ile mpya ilichukua dakika tatu na sekunde ishirini. Nilipiga hesabu mara mbili: lita sita kwa dakika, kama lebo ilivyosema. Nilimfikiria mtu aliyeipima kwanza, huko kwao, amekaa na saa yake na chombo chake. Sikuwa na rafiki hata mmoja Ikungi wa kuzungumza naye mambo kama hayo. Nilipopata jibu lilelile alilolipata yeye, nilijisikia kama mtu aliyeandikiwa barua.

"Lebo inasema kweli," nilimwambia mama.

"Basi tufunge zote, mwanangu."

Lilikuwa neno lake la kawaida kwa vijana, lakini mimi sikuwa nimelisikia likielekezwa kwangu kwa muda mrefu. Tulifunga koki sita, mbili za kunawia mikono mbele na nne za uani na bafuni. Za zamani akapewa mnunuzi wa chuma chakavu.

Wiki ya tatu niliona majani mabichi nyuma ya ukuta wa bafu. Ulikuwa mwezi wa nane, kila kitu kimekauka, na kuku wa jirani walikuwa wakinywa maji kwenye mfereji mdogo. Nilisimama nikayatazama kwa raha. Sikujiuliza maji yale yalitoka wapi.

Alhamisi, siku ya mnada, gesti ikiwa imejaa, tangi liliisha. Lilikuwa halijawahi kuisha Alhamisi. Wageni waliamka, wakafungua koki, zikatoa hewa. Mchuuzi mmoja wa kuku, mtu mnene mwenye sauti, alitoka na sabuni masikioni.

"Mama, umetufungia koki za mapambo?"

Wenzake walicheka, lakini walibeba mabegi yao wakavuka barabara kwenda gesti ya pili. Saa nne vyumba vyote vilikuwa wazi. Mama alikaa kizingitini na funguo zote mapajani.

"Wewe si unajua kusoma?" aliniuliza.

"Najua, mama."

"Hii ikirudia mara ya pili, nafunga. Nitarudi shamba Mungaa." Hakunifokea. Jioni aliniita kula, lakini aliniita mgeni. "Mgeni, chakula." Nilikula nikiangalia sahani. Lebo ilikuwa kweli na tangi lilikuwa tupu, na sikuweza kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Basi ndiyo sababu nilikuwa juu ya magunia.

Tulipita Singida mjini bila kushuka, tukashika barabara ya Iguguno. Mchana injini ilichemka, dereva akasimama katika kijiji chenye kioski cha maji, utingo akaenda na dumu. Nilishuka kunyoosha miguu. Pale kinamama walikuwa kwenye foleni, na muuza maji, mzee mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameshika koki kwa mkono wake muda wote. Ndoo ikijaa anafunga, inasogea nyingine, anafungua. Mwanamke mmoja aliacha ndoo yake chini ya koki akageuka kuongea na mwenzake.

"Rudi hapa," mzee alimwambia. "Ndoo haina macho."

"Shikamoo, mzee. Si unaishika wewe?"

"Marahaba. Mimi nashika koki. Mwenye ndoo ni wewe, au nimwite mumeo?"

Kinamama walicheka. Mimi nilikuwa bado naitazama ile ndoo.

Nikauona akilini uwanja wa gesti unavyokuwa asubuhi. Kule ndoo inakaa kwenye foleni kwa niaba ya mwenyewe. Unaiweka, unakwenda kupiga pasi shati au kunywa chai, ukirudi zamu yako imefika. Koki za zamani zilijaza haraka, mtu alisimama pale akangoja. Hizi mpya hakuna aliyengoja dakika tatu. Walifungua wakaondoka, ndoo zikajaa, zikamwagika, maji yakaenda nyuma ya ukuta. Tena anayejaza ndoo atachukua lita ishirini zilezile, zije haraka au polepole. Aliyeandika lebo alimfikiria mtu anayenawa mikono maji yakitiririka. Nilikuwa nimepima kwa ndoo, kwa macho yangu, nikafurahia hesabu, na sikuiona ndoo.

Dawa yake niliijua papo hapo. Fundi alipokuwa akifunga nilimwona akifungua mdomo wa koki, na ndani kulikuwa na kisahani cha plastiki chenye matundu. Kisahani hicho ndicho kinachobana. Kukitoa kwenye zile koki nne za ndoo ni kazi ya dakika chache, na zile mbili za kunawia mikono zibaki kama zilivyo.

Lori jingine lilikuwa limesimama ng'ambo, linaelekea Manyoni kwa njia ya Ikungi. Nilimfuata dereva wake nikamweleza kuhusu gesti na mama.

"Namjua, nalala kwake," alisema. "Panda basi ukamwambie mwenyewe. Saa kumi tumefika."

Nafasi ilikuwepo. Mlango ulikuwa wazi. Niliweka mkono kwenye chuma cha mlango, nikamfikiria mama akiniona naingia uani, na neno atakalonianzia. Huenda angesema mgeni tena. Nikaondoa mkono. Nilichana ukurasa mweupe wa mwisho wa kamusi, nikaandika yote kwa herufi kubwa ili mtu yeyote aweze kumsomea: koki zipi, kisahani kipi, na kwamba kosa ni langu, si la koki. Dereva aliukunja akautia mfuko wa shati.

"Jina?"

"Atajua."

"Wewe ni mtu wa ajabu," alisema, akawasha gari. Sijui kama ulifika. Sikupita Ikungi tena kwa miaka mingi, na nilipopita, basi halikusimama.

Iguguno tuliingia jua likiwa linashuka. Nilisaidia kushusha magunia, kisha nikauliza pa kulala. Walinielekeza kwa mzee mmoja mwenye ghala la alizeti na chumba cha uani. Nilimkuta akichambua mbegu kwenye ungo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Ikungi."

"Una ndugu huko?"

Nilihamishia begi bega la pili. Aliinua macho akaniangalia.

"Hapana," nilisema.

Alinyanyuka, akajikung'uta, akanifungulia mlango. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na harufu ya mafuta ya alizeti. Aliuliza nitakaa siku ngapi, nikamwambia sijui. Akasema haidhuru, niweke begi langu, nikimaliza nije tuchambue mbegu kabla giza halijaingia.