Mkono wa Amoni na Bando la Msiba

Pale kijijini Kyimo watu walimjua Amoni kwa mkono wake. Alikuwa mkulima hodari wa chai na migomba, mkarimu wa kupindukia, mwenye besi ya kutikisa mabati ya kanisa, lakini mkono wake ulifika kabla ya maneno. Jirani alivunjwa taya kwa ajili ya mbuzi. Mkewe Leah alizeeka na kovu juu ya jicho, na akiulizwa alisema alianguka shambani. Mtoto wao wa pekee, Lusungu, alipigwa mpaka siku alipoudaka mpini wa jembe hewani, akautua chini taratibu, akaondoka. Aliishia Uswidi, na kwa miaka mingi hakusemezana na baba yake.

Leah alipougua, Amoni alinunua kisanduku cha intaneti ya nyumbani ili mama amwone mwanawe. Kila jioni Lusungu alitokea kwenye simu, akazungumza na mama yake, na mwisho akaanza kusema, “Na wewe, Baba, umeshindaje?” Amoni alijibu kwa ukali kama kawaida yake, kisha akatoka nje kwenda kulia nyuma ya zizi.

“Makaratasi yake hayamruhusu kusafiri,” Leah alimwambia siku zake za mwisho. “Basi anizike kwa simu. Niahidi.”

Amoni aliahidi, na hakuna kitu alichowahi kukitaka zaidi ya hicho.

Tatizo, bando la kisanduku lilikuwa na kikomo. Ukikipita, ziada inakatwa kwenye salio kwa bei ya kuumiza, na salio likikauka, kisanduku kinanyamaza. Amoni alilijua hilo vizuri. Lakini kwao msibani mtu hanyimwi kitu. Ng'ombe anaangushwa, ndizi zinapikwa kwa masufuria makubwa, mlango haufungwi. Jioni ya kwanza baada ya Leah kufariki, kijana mmoja kutoka Makandana alipoomba neno la siri la intaneti, Amoni aliona haya kukataa. Akasimama, akalitangaza kwa sauti ile ya besi, waombolezaji wote walisikie.

“Leah hakumnyima mtu! Tumieni!”

“Ndaga fijo!” wakamshukuru.

Basi wakatumia. Turubai zima likawa video za mabao, vichekesho na simu za ndugu walioko mbali. Kikomo kikapitwa, salio likaanza kuliwa. Amoni akaongeza, nalo likaliwa. Mtu mwenye akili angebadilisha neno la siri, lakini yeye aliona hilo ni sawa na kufunga mlango watu wakiwa wanalia ndani. Akabaki anawatazama wenye simu huku taya zikimcheza.

Siku ya maziko dada yake Loyce alisimama barazani, karibu na kisanduku, ameielekeza simu ya Amoni kaburini. Jeneza lilikuwa limeshashushwa, mchungaji yuko katikati ya maombi, Loyce alipokuja kumvuta kaka yake shati.

“Kaka, picha imeganda. Salio limekwisha.”

Damu ilimpanda Amoni kichwani. Aliinua macho, na ng'ambo ya kaburi akamwona Gwakisa, mwana wa Loyce, ameinua simu juu ya vichwa vya watu, midomo inamcheza. Anaongea na nani huyu? Ndio hawa waliolimaliza salio!

Mpini wa jembe ulikuwa pale kwenye udongo. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa Gwakisa, na watu wote wakausikia mfupa. Simu iliruka ikaangukia kaburini. La pili lilimpata mdomoni, meno yakatoka na damu. Gwakisa alipiga magoti na Amoni akamwinulia la tatu. Wanawake walipiga mayowe, wanaume wanne wakamrukia, akawatupa wawili kwenye matope.

Ndipo sauti ikatoka chini, juu ya jeneza la Leah.

“Baba! Baba, acha! Unampigia nini? Alikuwa ananionyesha mama!”

Gwakisa alikuwa ameona kule barazani picha imeganda, akamtangulia mama yake kaburini na kumpigia binamu yake kwa bando lake mwenyewe.

Simu ilikuwa imelala chali. Amoni aliinama ukingoni, mpini ungali mkononi una damu, na hivyo ndivyo Lusungu alivyomwona kutoka pale alipolala mama yake. Aliutupa, akatelemka kaburini kama kichaa, akaiokota simu kwa mikono ya matope. Lusungu alikuwa ameshakata.

Kisanduku bado kipo sebuleni, na Amoni hukilipia kila mwezi. Neno la siri sasa analijua yeye peke yake, na hakuna anayeliomba. Jumapili baada ya ibada hukaa mbele ya kisanduku, simu imeegemezwa kwenye kikombe cha Leah.

Lusungu humpigia Gwakisa.