Siku Tisa Katika Nyumba ya Mke Wangu

Siku ya tisa tangu nihamie Mahajanga, mwanamke nisiyemjua aliingia chumbani bila hodi, akanikuta kitandani nakunywa chai.

Akanikagua juu mpaka chini.

"Hiyo kanzu ya mume wangu umeivalia nini?"

Jamani, chai ilinipalia.

Naitwa Saindou, mzaliwa wa Andoany, kisiwani Nosy Be, huko Madagaska. Siku hizi naishi Tanga, ndiyo maana nawasimulia kwa Kiswahili. Haya yalinikuta mwaka 1998, na mpaka leo nikiyakumbuka najidharau.

Mke wangu Ansoifa nilimpata alipokuja Andoany kumtembelea shangazi yake. Tukaoana huko huko. Sasa sisi wenye asili ya Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayefunga virago kumfuata mke. Nami nikafunga.

Mji wenyewe niliuchukia kabla sijashuka garini.

Vumbi. Joto la tanuri. Mbuzi wanakatiza barabarani kama wamelipa kodi. Hata bahari yao nyekundu, imejaa udongo wa mto! Kwetu upepo unanukia mlangilangi, kwao unanuka samaki wakavu.

"Watu wa Mahajanga ndio hawa?" nilimwambia Ansoifa. "Hata ng'ombe wa kwetu wamestaarabika kuliko hawa."

"Utazoea," akasema, akaangalia pembeni.

Kitu kimoja tu nilikikubali: nyumba. Ilikuwa Amborovy, karibu na uwanja wa ndege. Ukuta wa matofali, veranda, feni kila chumba. Mama mkwe, Mama Koulsoum, alinipikia asubuhi na jioni, na kanzu safi akanitolea kabatini. Nikasema moyoni, hapa nimepata.

Ndipo akaingia yule mwanamke.

Kumbe ndiye mwenye nyumba! Walikuwa kisiwani Reunioni yeye na mumewe, wamerudi kabla ya siku zao. Mama mkwe alikuwa mpishi wao tu, kaachiwa funguo.

Mama Koulsoum alipiga magoti pale pale. "Nisamehe, Madamu. Nilikuwa naficha aibu mbele ya mkwe."

"Toka. Na kazi basi."

Miaka kumi na minne jikoni kwa watu, ikaisha hivyo. Mtu mwenye utu angemwinua. Mimi nikamwongezea.

"Mpishi wa watu! Mimi, Saindou, umenilaza kitanda cha bosi wako? Mji wa matapeli huu, na wewe ndiye mkuu wao!"

Mama alilia kimya kimya.  Ansoifa akakusanya mizigo yetu yote, akamshika mama yake mkono, wakaondoka kwa miguu na jua lile la saa sita.

Mimi nikaenda kujibanza kwa mtu wa kwetu, karibu na bandari. Siku mbili nzima nilitukana mji. Siku ya tatu hasira zikapoa. Mke nilimpenda, sitaficha. Nikaamua kuwasamehe.

Ndiyo, mimi niwasamehe wao! Nikanunua na kuku.

Nikaelekezwa mtaa wa Mahabibo. Chumba kimoja cha bati, uani pamefagiwa vizuri. Sanduku langu lilikuwa nje ya mlango, limefungwa kamba.

Ansoifa akatoka na karatasi. "Soma."

Ilikuwa barua yangu. Hapa nikiri jambo nililowaficha: kabla ya kuja nilimwandikia mama mkwe kwamba mimi silali chini ya bati. Kama hakuna nyumba ya matofali yenye veranda, ndoa basi.

"Chumba hiki nimekijenga kwa kuuza maandazi," akasema Ansoifa. "Nilitaka nikulete hapa siku ya kwanza. Mama akaogopa utaniacha, akanibembeleza tukuongopee kidogo."

"Mke wangu, yamekwisha. Nimewasamehe."

Akacheka. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ile ya Amborovy ilikuwa ya watu, nisingeweza kukufukuza. Hii ni yangu. Mama uliyemtukana amelala humu ndani. Talaka nipe au usinipe, humu huingii."

Akapokea kuku, akasema atampikia mama. Akafunga mlango.

Nilirudi Andoany nikawaambia watu nimemwacha mimi, Mahajanga kumejaa waongo. Wote wakaniamini.

Wewe unayesoma, ukihamia mji mpya ukaona kila mtu ananuka, anza kwa kunusa kwapa lako.