Muvumu wa Mlangoni kwa Generose

Shangazi yangu Generose, wa Songo, mtaa wa Uvira, aliuonea wivu mti, na mimi simcheki. Kwetu mwanamume huchomeka tawi la muvumu mlangoni pa ua siku anapoamua kwamba hapo ndipo kwake. Tawi likishika linakuwa mti wa kivuli, na mke anajua mumewe hahami tena. Mume wake, Sévère, mtunza bustani, miaka yote aliahirisha. Mara kiwanja kidogo, mara jua kali.

Baada ya uhuru, ofisa mmoja alihamia nyumba ya Wazungu kando ya ziwa. Mke wake, Louise, aliyesoma Bukavu, aling'oa mawaridi yote. Alitaka miti ya hapahapa, ile iliyotajwa katika vitabu vya wasafiri wa kwanza wa Kizungu waliopita ziwani. Sévère akampandia minyaa kuzunguka ua, na mlangoni, muvumu.

Generose alizipata habari sokoni. Alikwenda kujionea, akarudi moyo unamchoma. Sévère alijitetea kwamba ile ni kazi tu. Jioni hiyo alikula ugali bila ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na kesho yake pia. Shangazi hakuona haya: alimpita Louise njiani bila salamu, akawatangazia majirani kwamba mumewe amehamia kwa Madame.

Waasi walipoingia Uvira mwaka 1964, Louise na mumewe walivuka kwenda Bujumbura. Wapiganaji waliolala katika nyumba ile waliikata bustani kuni. Shangazi alifurahi waziwazi. Sévère alitaka kuokoa walau tawi moja la ule muvumu, alilete nyumbani.

"Lile tawi iko ya Louise," Generose alimwambia. "Minye sitaki mabaki."

Basi Sévère akashika njia ya Makobola, vita ikiendelea, kukata tawi mlangoni pa baba mkwe wake. Kwenye kizuizi wapiganaji walimlaza chini na kumpiga, wakidhani amebeba silaha. Alirudi jicho limevimba, tawi begani, akalichomeka kabla hajanawa.

Amani iliporudi, muvumu ulikuwa na kivuli cha kumtosha mtu mmoja. Louise akaja kuomba tawi, aanze bustani yake upya. Generose alimkaribisha kiti, akampa maji.

"Hapana, Madame," akasema. "Ule wako bwana yangu aliupanda juu ya kazi, akalipwa. Huu aliupanda juu yangu minye."

Louise alimgeukia Sévère. Sévère akasema mti una mwenyewe, na ameshajibu.