Baba wa Ubatizo Kutoka Mjini

Jumapili iliyopita nilipanda kijijini kwetu Matombo kumsimamia mpwa wangu ubatizo, nimevaa suti nyeupe kama bwana harusi. Dada yangu Restituta alinipokea mlangoni mwa kanisa, mtoto mikononi.

“Kaka, mbona jana hukuja kwenye mafundisho ya wasimamizi?”

“Mimi nifundishwe ubatizo?” nilimcheka. “Nilibatizwa wewe hujazaliwa. Padre akiuliza, najibu namkataa. Kuna kingine?”

Alitaka kuniambia kipo, lakini nilikwisha kuingia ndani kumwelekeza mpiga picha asimame upande wangu mzuri.

Zamu yetu ilipofika nilimpakata mtoto, padre akanisogezea kipaza sauti.

“Unamkataa Shetani?”

“Namkataa!” Sauti yangu ilijaa kanisa zima. Nikajipenda.

“Na fahari zake zote?”

“Nazikataa!” nilisema, huku nikinyoosha tai.

Mara mpiga picha akaniashiria. Nikamgeukia, nikainua kidevu na kutabasamu. Padre aliendelea kuuliza, ila sikusikia neno. Nilichosikia ni ukimya wa watu wanaosubiri jibu langu.

“Namkataa!” nikanguruma, bado natabasamu.

Padre akanitazama, akarudia taratibu kama anayemsemesha mgonjwa: “Ndugu yangu, nimeuliza hivi: unamsadiki Mungu, Baba Mwenyezi?”

Kabla sijafumbua mdomo, mama yangu mzazi akasimama benchi la mbele.

“Restituta, mpokonye mtoto! Huyu mwenyewe bado mpagani.”