Bi Pindo na Salamu Alizozishona

Kabla mnara wa simu haujasimamishwa kilimani, mtaa mzima ulikuwa na simu moja tu, na simu hiyo ilikuwa ya Bi Pindo, fundi cherehani. Aliifunga kwa lastiki kwenye nondo ya dirisha, maana ukiisogeza hata kidole mtandao unakata, na wakati wa kuongea alibandika shavu dirishani. Wenye ndugu mbali walimpigia yeye, naye huacha kushona akaenda kufikisha ujumbe, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Ujumbe ulifika, hilo halina ubishi. Ila haukufika kama ulivyotumwa! Bi Pindo hakuwahi kuona uzi uliotokeza akauacha, na maneno ya watu aliyafanya vivyo hivyo.

Sasa chukua seremala wa ng'ambo ya barabara. Yeye na kaka yake waligombea randa ya kulainishia mbao ya marehemu baba yao, wakaapa kutosemezana tena. Randa, jamani! Lakini mama yao mzee alikaa kwa huyo kaka, na habari za mama lazima zipite.

"Mwambie yule kichwa maji mama anaumwa goti," kaka hufoka simuni.

Bi Pindo huvuka barabara. "Kaka yako anakusalimu sana, anasema wewe ndiye mdogo wake kipenzi. Mama anaumwa goti kidogo."

Miaka minne mambo yalikwenda hivyo, seremala akalainika mpaka akawa anapiga misumari huku anatabasamu. Mnara ulipowashwa, wa kwanza kununua simu alikuwa yeye.

"Nampigia kaka mwenyewe," alisema. "Mtu ananipenda hivi, nami nimenuna kama mtoto?"

Bi Pindo alirudi kwenye cherehani yake na hofu. Kaka mtu hajawahi kutuma hata nusu salamu! Ndugu hawa wakigombana upya, mama yao atazikwa na mtoto mmoja, na lawama zote zitakuwa zake. Alishona mkono wa shati kwenye shingo, akafumua, akaushona palepale tena.

Haikupita saa, seremala akaingia amefura.

"Bi Pindo, nimeuziwa simu mbovu!"

"Mbovu vipi?"

"Nimemwambia kaka nimemkumbuka, simu ikajibu, 'Umelewa?' Kisha ikakata. Hii haimtoi kaka vizuri. Hebu mpigie kwa ile yako."

Laiti ardhi ingepasuka! Bi Pindo alibandika shavu dirishani, akabonyeza namba. Seremala alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Fundi," kaka alisema, "yule kichwa maji kanipigia mwenyewe." Halafu akasikika akipenga kamasi. "Sauti yake imekuwa ya baba kabisa. Nimeshindwa kuongea, nikakata. Mwambie aje."

Bi Pindo akageuka. Alitafuta cha kuongeza, akakikosa.

"Anasema uje."

Seremala alisubiri. "Basi? Mbona fupi leo?"

"Fupi, ndiyo. Lakini hilo ni lake mwenyewe."

Seremala alimtazama, akaitazama simu dirishani, akamtazama tena. "Na yale mengine yote?"

"Yale nilishona mimi," alisema Bi Pindo, machozi yanamtoka. "Nenda, mdogo wangu. Mama yenu anawasubiri."